Usiku wa Kuhesabu Kura na Utani Wake, Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Usiku wa matokeo ya uchaguzi mkuu wa Tanzania una siku kadhaa ndani yake. Mwaka 2010 kura zilipigwa Jumapili ya 31 Oktoba na rais akatangazwa 5 Novemba. Mwaka 2015 zilipigwa 25 Oktoba, tangazo likaja tarehe 29. Mwaka 2020 ilikuwa 28 Oktoba na 30 Oktoba, na mwaka 2025 ikawa 29 Oktoba na 1 Novemba. Mpigakura wa Kahama au Katoro anayemaliza vichekesho vyake vyote kabla ya saa sita ya usiku wa kwanza hufanana na mchimbaji aliyeshuka duarani, ndani ya shimo la dhahabu, na tochi inayokaribia kuzima. Utani wa matokeo huwekewa akiba, hutolewa kidogo kidogo, na hufuata njia ambayo kura zenyewe hupita.

Njia hiyo ndiyo ya kujua kwanza, kwa sababu asiyeijua hucheka mahali pasipochekesha na hununa mahali pasipo na jambo. Mpigakura hukabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kumaliza. Kura huhesabiwa hapohapo kituoni, mbele ya mawakala wa vyama, kisha hujazwa kwenye fomu. Katika chaguzi za 2015 na 2020 zilijulikana kwa namba 21A kwa rais, 21B kwa mbunge na 21C kwa diwani. Wakala hupata nakala, na nakala nyingine hubandikwa nje ya kituo. Baada ya hapo karatasi hizo tatu huagana. Kura za diwani hujumlishwa ngazi ya kata, za mbunge ngazi ya jimbo, ambako msimamizi wa uchaguzi kwa miaka mingi amekuwa mkurugenzi wa halmashauri, na za rais hutangazwa na Tume, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Kwa hiyo subira ni tatu, na kila moja ina mzaha wake. Diwani hujulikana mapema, mara nyingi kabla wali wa mama lishe haujapoa. Mbunge huchelewa hadi usiku wa manane au kesho yake. Rais husubiriwa kwa redio. Mtu anayedai saa mbili usiku kwamba ameshajua zote tatu amejua moja, na hata hiyo ameisikia kwa bodaboda.

Kituo chenyewe ndipo utani wa mpigakura wa kawaida unapokuwa na ardhi ngumu ya kusimamia. Karatasi iliyobandikwa ukutani inahusu watu mia nne au mia tano wanaojuana: mwenye duka, fundi baiskeli, mwalimu, mwenye karasha la kusagia mawe. Mgombea udiwani aliyepata kura mbili katika kituo alichopigia yeye, mkewe, mama yake na wadogo zake wanne ni kichekesho kilichokamilika bila kuongezwa neno. Swali la kila mara ni kura ya pili ilitoka kwa nani, na nyumbani kwake usiku huo kila mtu huapa kuwa ni yake. Mzaha huu una kanuni moja: aanze mgombea mwenyewe. Akishasema kwamba kura ya kwanza ni yake na ya pili aliipata kwa kukosewa, kijiwe kizima kina ruhusa. Akinyamaza, kinyamaze nacho, kwa sababu huyo mtu amekopa kwa ajili ya kampeni na kesho anadaiwa.

Kura zilizoharibika ni hazina nyingine. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2015 zilizidi laki nne nchi nzima, idadi ambayo ingetosha kujaza mji mkubwa na viunga vyake. Wapo wanaoweka vema kwa kila mgombea ili wasimuudhi mtu. Wapo wanaoandika ujumbe, wakiamini kwamba karatasi ya kura ni barua na kwamba atakayeisoma ni rais. Kumbe anaisoma karani aliyechoka, kwa mwanga wa taa ya chaji, anaiinua ili mawakala waone, kisha anaitupa kwenye fungu la zilizokataliwa. Kucheka kosa hili kunafaa tu kwa mtu aliye tayari kukiri kwamba hata yeye alisimama kwenye kile kituturi cha kadibodi akajiuliza alama inawekwa kwenye picha au kwenye kisanduku pembeni.

Mji wa Shinyanga una sababu yake ya kutocheka ovyo juu ya kura moja moja. Katika uchaguzi wa mwaka 2010, jimbo la Shinyanga Mjini lilikwenda kwa Stephen Masele wa CCM dhidi ya Philip Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti ya kura moja. Si asilimia moja, ni kura moja. Matokeo ya namna hiyo hugeuza hesabu zote za utani. Kila aliyempigia mshindi anaweza kudai, bila mtu wa kumkanusha, kwamba kura ile ni ya kwake na kwamba mbunge ana deni naye la binafsi. Kila aliyeacha kwenda kituoni kwa sababu ya jua, foleni au baiskeli iliyopata pancha ana jambo la kujieleza kwa mkewe hadi uchaguzi unaofuata. Na kila karatasi iliyoharibika, ile ya vema kwa wote, inageuka kutoka kichekesho na kuwa kisa. Mwezi Mei 2012 Masele aliteuliwa naibu waziri wa Nishati na Madini, akishughulikia madini, na hivyo ile kura moja ya Shinyanga ikawa na neno lake hata katika leseni za dhahabu. Mchimbaji mdogo aliyekuwa akisema kura yake haina uzito alipata mfano wa mizani ambayo hata chembe moja huiinamisha.

Kisa hicho kina ndugu yake ng'ambo ya maji. Uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 uliipa ASP viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3, na kimoja kati ya vile kumi, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. Serikali haikuweza kuundwa, uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni mwaka huohuo na damu ikamwagika Unguja. Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja vinaonyesha mpaka wa mzaha: kura moja inachekesha pale ambapo kila upande unakubali kwamba imehesabiwa, na haichekeshi pale ambapo watu wamekwisha kushika mapanga.

Kusubiri mbunge ndiko kusubiri kurefu kwa ukanda huu, na sababu nyingi ni za kawaida kuliko zinavyosimuliwa. Oktoba ni mwezi mvua zinapoanza Kanda ya Ziwa. Barabara ya udongo mwekundu kutoka kata za ndani hadi makao ya halmashauri hunywa maji ya siku moja ikawa uji. Fomu ikikosewa kujumlishwa hurudiwa. Wakati huohuo nje ya ofisi wapo watu wanaotaka jina moja tu, na kila gari linaloingia getini hupewa maana: likienda kasi limebeba ushindi, likienda polepole limebeba hujuma, likisimama limeishiwa mafuta. Inafaa utani wa saa hizi uwe juu ya hizo tafsiri zenyewe. Hakuna anayeumia kwa kuambiwa kwamba dereva wa halmashauri amekuwa nabii bila kujua.

Nani asubiri wapi lilikuwa suala zito mwaka 2015. Upinzani ulihimiza wafuasi wapige kura kisha wazilinde wakiwa umbali wa mita 200 kutoka kituoni. Serikali na Tume walitaka watu warudi nyumbani, na Mahakama Kuu, siku chache kabla ya kupiga kura, ikawa upande huo. Mita 200 zikaingia kwenye lugha ya vijiweni na hazijatoka: mwanamume aliyefukuzwa na mkewe hulala mita 200, na mdaiwa humpita mdai wake mita 200. Ushauri kwa mwenye kutaka usiku mwema ni mfupi. Asome karatasi ya kituo chake ikishabandikwa, aikariri au ainakili, kisha aende kukaa mahali penye kiti.

Kiti hicho kinaweza kuwa kijiweni kwa muuza kahawa, sebuleni kwa jirani mwenye dishi, au kwenye kibanda umiza, ambako kwa siku nyingine huonyeshwa mpira wa Ulaya. Kibanda umiza kina faida moja kubwa: watu wake wamezoea kushindwa pamoja. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wamekaa benchi moja miaka na miaka, wametukanana kwa mahadhi, na wote wamelipa kiingilio kilekile. Wakigeuzwa kuwa wa chama hiki na chama kile, adabu ile ya mpira huwabeba. Chumba cha watu wa chama kimoja ni kibaya kwa utani, kwa sababu humo mzaha hauna wa kuujibu, na mzaha usiojibiwa huanza kuoza baada ya saa moja ukanuka chuki.

Redio ya betri iwepo. Hili si la kizamani. Siku za uchaguzi wa 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, na kuanzia 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyenunua bando la wiki nzima alibaki akilitazama kama mfuko wa mawe uliokataa kutoa dhahabu. Redio haikuuliza bando. Shinyanga kuna Radio Faraja, Kahama kuna Kahama FM, Geita kuna Storm FM, Radio Free Africa inasikika kutoka Mwanza, na TBC Taifa hubeba tangazo la Tume lenyewe. Betri mbili za akiba zigharimiwe kabla ya siku ya kura, maana jioni ile bei ya betri hupanda bila kupingwa.

Tume husoma matokeo ya rais jimbo kwa jimbo, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hapo ndipo wengi huteleza. Mwaka 2015 majimbo matatu ya mwanzo kusomwa yalikuwa Makunduchi, Paje na Lulindi, mawili ya Unguja na moja la Mtwara. Kijiwe cha Geita kilichoanza kushangilia au kulia kwa majimbo hayo kilikuwa kinapima mwamba kwa karai la kwanza. Mchimbaji wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu anajua ujinga huo kuliko mtu yeyote: udongo wa juu ukitoa punje inayong'aa hajui bado kama chini kuna mwamba au kuna maji, na ameona watu waliouza ng'ombe kwa sababu ya karai moja. Ujuzi huohuo wa duarani unatosha kumfanya mchambuzi mzuri wa matokeo. Aulize kwanza ni majimbo mangapi yamesomwa na mangapi yamebaki, ni ya mjini au ya vijijini, ni ya nyumbani kwa mgombea yupi. Mwishoni mwa hesabu ile John Magufuli alikuwa na kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46, na Edward Lowassa 6,072,848, asilimia 39.97. Katika Chato, nyumbani kwa mshindi, hakuna aliyehitaji kusubiri majimbo yote ili aanze kutania. Ila aliyekuwa nje ya Chato alihitaji.

Jiografia nayo hutoa utani wa bure kwa wazee. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Mwaka 2010 Geita ilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, Bukombe ilikuwa Shinyanga, na Shinyanga hiyohiyo ilikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ambazo sasa ni Simiyu. Anayetafuta kumbukumbu za jimbo la kwao kwenye orodha ya mkoa asizikute asipige kelele za wizi kabla ya kuuliza mkoa ulikuwa wapi mwaka ule.

Nyenzo za mzaha zenyewe hazihitaji kubuniwa, historia imezijaza ghala. Wakati wa chama kimoja, kuanzia uchaguzi wa 1965, wagombea ubunge wawili wa TANU walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na kwa wakulima wa pamba wa Usukuma jembe lilikuwa na mvuto ambao hotuba haikuweza kuushinda. Karatasi ya rais ilikuwa na picha ya Nyerere upande mmoja na kivuli cheusi upande wa pili. Babu akitaka kumtania mjukuu wake leo humwambia kwamba enzi zake walau kivuli hakikuwa na mabango. Baada ya vyama vingi kurudi, Bariadi ilimpata John Cheyo wa UDP, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mapesa. Bariadi hiyohiyo ilimpata Andrew Chenge wa CCM, ambaye mwaka 2008, alipoulizwa juu ya fedha za kigeni zilizokadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni moja, alizitaja kuwa vijisenti. Neno hilo halijapumzika tangu siku hiyo. Linatumika kwa mshahara, kwa mahari na kwa chenji ya mia mbili. Mwaka 2015 Nape Nnauye wa CCM alizungumzia ushindi hata wa bao la mkono, na wapinzani wake wakalishika neno wasiliachie tena. Mwaka huohuo Magufuli alipiga pushapu jukwaani kuonyesha afya yake, na wanaume wenye vitambi wakajaribu nyumbani, wengine wakahitaji kusaidiwa kuinuka.

Utani wa aina hii ni salama kwa sababu unagusa maneno na matendo ya hadharani ya watu wakubwa, waliojitokeza wenyewe kuomba kutazamwa. Ukishuka kwa jirani, unahitaji ruhusa, na katika nchi ya Wasukuma ruhusa hiyo ina taratibu za zamani. Mtani wa kabila ana haki ya kusema hata msibani yale ambayo ndugu hawezi. Babu na mjukuu hutaniana, baba na mwana hawathubutu. Katoro na Kahama zimejaa Wasukuma, Wanyamwezi, Wahaya, Waha, Wakurya na Wajita waliofuata dhahabu na biashara yake, na kabla ya kufungua mdomo inafaa mtu ajue nani ni mtani wa nani. Asiyekuwa mtani aanze kwa kujitania mwenyewe. Mlango huo hufunguka kwa kila mtu.

Mfano mzuri kuliko wote upo kwenye ngoma. Vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inahusishwa na waganga wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Hucheza kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja mmoja, na aliyeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Huimba kejeli, huchimbana, hutumia kila ufundi, hata nyoka na fisi huletwa uwanjani. Mtazamaji ana miguu, anahama. Akihama hachukuliwi kuwa msaliti, anachekwa kidogo na kurudi tena upande wa kwanza kesho. Wazee waliokulia katika mashindano hayo huwa watulivu kuliko vijana usiku wa matokeo, na kijana mwenye busara huchagua kukaa karibu nao.

Kuna mzaha mmoja ambao katika mikoa hii haupaswi kuguswa, nao ni wa mganga wa mgombea. Mahali pengine ni kichekesho cha kawaida kusema fulani ameshinda kwa dawa. Shinyanga na Geita zimezika watu kwa sababu ya imani hiyo: wanawake wazee waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi, na watu wenye ualbino waliokatwa viungo na wengine kuuawa, huku wauzaji wakiahidi utajiri wa machimbo na ushindi wa siasa. Mwezi Januari 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa ajili hiyo. Kicheko kinachotaja dawa ya ushindi hapa kinafikia sikio la mtu ambaye mtoto wake halali peke yake msimu wa kampeni.

Namba za kubuni ndizo hatari ya pili. Mtu hutunga matokeo ya jimbo lake kwa mzaha, anampa mgombea wa kijiweni asilimia mia na moja, anatuma kwenye kundi la ukoo. Shangazi anayapeleka kundi la kanisa, kanisa linayapeleka kundi la soko, na yakifika Masumbwe yana nembo ya Tume juu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, ina adhabu ya faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayesambaza taarifa za uongo, na mahakama haina kifungu cha mzaha wa ukoo. Kinga yake ni rahisi kuikumbuka: utani usiwe na tarakimu. Uwe na watu, magari, mvua, betri, wali uliopoa. Namba ziachwe ukutani mwa kituo na mdomoni mwa Tume. Hata picha ya karatasi halisi ya kituo itajwe ni ya kituo gani, vinginevyo kura za shule moja ya msingi zitasomwa kama za mkoa.

Watu huweka dau, hilo halizuiliki, hivyo afadhali lielekezwe. Dau la ng'ombe au kiwanja huua urafiki. Dau la mfuko wa mawe, ambalo huwekwa sana machimboni, ni bora kidogo, kwa kuwa mshindi hulazimika kuusaga na kuuosha kabla ya kujua kama ameshinda kitu, na mara nyingi hugundua kwamba walishindwa wote wawili. Ila dau la Shinyanga ndilo zuri kupita yote. Mji huu umejulikana kwa baiskeli zake, zile za kubeba abiria zinazoitwa daladala kama mabasi; aliyeshindwa humbeba aliyeshinda kwenye kiti cha nyuma kutoka Ngokolo hadi Ibinzamata, saa ya jua, huku mshindi akipunga mkono kama mheshimiwa. Dau linalipwa kwa jasho, linaonwa na watu, na jioni limekwisha. Liandikiwe masharti mapema: mzigo usizidi mtu mmoja, na mshindi hana haki ya kupiga kengele.

Pombe isizidi redio. Mtu akishindwa kusikia jina la jimbo linalosomwa amekwisha kutoka kwenye shughuli ya kufuatilia matokeo na kuingia shughuli nyingine. Pia anayetembea usiku katika vijiji vya Kahama na Shinyanga akumbuke kwamba hapa ndipo sungusungu walipoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwamba maelezo marefu kuhusu majumuisho ya kura hayapokelewi vizuri saa nane usiku na mtu mwenye fimbo.

Upo usiku ambao ushauri wote huu haufai kitu. Mwaka 2025, siku ya kura na siku zilizofuata, maandamano yalizuka katika miji kadhaa, risasi zikasikika, watu wakafa, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Matangazo yaliendelea redioni, na 1 Novemba Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Katika usiku wa namna hiyo kazi ya mpigakura ni kuhesabu watu wa nyumbani kwake kama wamo wote, kufunga mlango, na kuwa na maji ndani. Mtani wa kweli hunyamaza, kwa sababu hata utani wa msibani una saa yake, na saa hiyo huja baada ya kuzika.

Kukipambazuka kwa amani, salamu ya Kisukuma itangulie: mwangaluka kwanza, matokeo baadaye. Aliyeshindwa huachwa siku tatu kabla ya kutaniwa, mbili kama ameanza mwenyewe. Haulizwi alimpigia nani. Wino wa kidoleni unaonyesha tu kwamba alifika. Akisema ameibiwa, ni halali kumwuliza fomu yake ya kituo iko wapi bila kumcheka, maana kwa mbunge sheria imempa siku 30 za kufungua shauri Mahakama Kuu, na fomu hiyo ndiyo shahidi. Kwa rais Katiba ya Tanzania haikufungua mlango huo: akishatangazwa na Tume, mahakama haichunguzi uchaguzi wake. Wakenya wana njia hiyo na mwaka 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta matokeo ya urais, jambo ambalo vijiwe vya Tanzania hulitazama kama jirani anavyotazama gari jipya la jirani yake, kwa kutamani na kwa kusubiri litakapoharibika.

Zinabaki fulana na kofia. Za kijani, za njano, za zambarau, na magwanda ya kaki. Kitambaa chake ni chepesi na hakikubali kufuliwa mara nyingi kwa sabuni, kwa hiyo ndani ya wiki mbili hushushwa cheo na kuwa nguo za kazi. Machimboni Mgusu na Nyarugusu wanaume wawili waliopishana kijiweni huvuta kamba moja ya duara, mmoja amevaa mgombea aliyeshinda na mwingine aliyeshindwa, na kufikia saa nne asubuhi nyuso zote mbili zimefunikwa na udongo uleule, hazisomeki tena.